Mtani Alipomwigiza Aliye Hai

Msambweni,
27 Desemba 1963

Kwa kaka yangu mpendwa Chirau Garama, Tanga.

Shikamoo kaka. Nakusalimu wewe na wifi yangu na watoto wote, na zaidi huyo wa mwisho ambaye bado sijamtia machoni. Naambiwa pua amechukua yangu. Mwambieni asihuzunike, pua hii huanza vibaya lakini baadaye hutulia. Natumai mu wazima, na kile kifua chako kimepoa tangu ulipoondolewa kwenye moshi wa karakana ukapewa kazi ya stesheni. Sisi huku miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Vuli imekatika mapema, lakini minazi haikutuangusha. Shaaban imeandama na watu wameshaanza kuulizana bei ya tende.

Kaka, Baba yu hai. Natangulia kulisema hilo kwa sababu nimesikia habari uliyoletewa na wale wachuuzi wa samaki wakavu wa ng'onda, kwamba Mzee Waziri wa Msambweni ameshafanyiwa matanga. Hakufa. Ila kuombolezwa ameombolezwa, na jinsi mtu anavyoombolezwa hali anakula na kulala ndiyo habari yenyewe. Baba anataka kukuona, tena anakutaka wewe kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Kabla hujaamua kama nawe wataka kumwona, nisome polepole na usiruke. Nakujua wewe. Hata chuoni ulikuwa ukiruka kurasa maalim akisinzia.

Yote yalianza na mchezo. Huyu Mwalimu Suleiman, kijana wa Vanga aliyeletwa kufundisha skuli yetu, tangu katikati ya mwaka alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akisema Uhuru usitukute na ngoma na pilau peke yake. Alisema lazima tuwaonyeshe watoto wetu jinsi Mzungu alivyotutumia. Akaamua tuigize habari za kariakoo, ule wakati wa vita vya Mjerumani, wanaume wa pwani walipokamatwa mashambani wakapelekwa huko bara ya kwenu kubeba risasi na unga wa askari, wakafa kwa maradhi na njaa wengi kuliko waliokufa kwa bunduki. Alihitaji mtu aliyekuwako amsimulie. Tangu alipokufa Mzee Randu, katika mji huu amebaki Baba tu. Basi Mwalimu akawa anakuja barazani kila jioni na kalamu yake, Baba anasimulia na macho yake yale yaliyoingia ukungu akiyaelekeza ukutani, na mimi natoa kahawa.

Kisa alichomsimulia unakijua kuliko mimi, kwa kuwa ni chako. Garama, baba yako mzazi, alishuka kutoka Kinango akaslimu, akamwoa Mama hapa Msambweni. Akakamatwa kupelekwa kariakoo wewe hujaanza kutambaa. Huko safarini akafanya urafiki na kijana mmoja wa Gazi aitwaye Waziri. Garama akashikwa na tumbo la kuhara damu, na mnyapara wao, mtu wa bara asiyejulikana alikotoka, akaamuru aachwe njiani. Waziri akakataa. Akabaki naye mpaka roho ilipotoka, akamchimbia kaburi kwa mikono yake na kumlaza akielekea kibla. Vita vilipokwisha akaja moja kwa moja mpaka Msambweni kumletea mjane habari. Mama akakaa eda, na baada ya eda Waziri akaleta posa. Nikazaliwa mimi. Wewe ulikua ukimwita Baba, na yeye sijamsikia hata siku moja akikuita mtoto wa kambo. Hicho ndicho kisa tulicholelewa nacho, kaka, na mimi nilikuwa nakionea fahari. Nilipoachwa na mume nilikuwa nikijisemea kwamba wanaume wa kweli wamo duniani, mmoja nyumbani kwetu.

Mwalimu alikichukua kisa hicho akakifanya moyo wa mchezo. Fondo, yule fundi wa baiskeli, akapewa kuwa Baba wakati wa ujana wake. Mimi nilipewa kushona. Nguo za wapagazi nilizikata kwenye magunia ya kopra, na koti la Bwana mkubwa nikalitoa kwenye shuka la kaki. Huyo Bwana mkubwa mwenyewe alikuwa Rispah, nesi aliyetoka bara, kwa sababu mji mzima ni yeye tu aliyekuwa na buti na aliyeweza kuzungumza Kiingereza kwa puani. Alitukana watu kwa ufundi hata nikamwonea wivu. Bunduki tulichonga kwa miti ya mikoko. Tulicheka sana siku zile, na sasa nikikumbuka kicheko chetu naona kama kilikuwa cha watu wengine.

Akatafutwa mtu wa kuwa mnyapara, na wote tukasema jina moja: Mwero, mtoto wa marehemu Randu. Unaijua kazi ya Mwero. Ukoo wao ni watani wa ukoo wa Baba, na akifa mtu kwetu, Mwero ndiye huvaa kanzu ya marehemu siku ya matanga, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai chai yake kama alivyokuwa akiidai, mpaka wafiwa wakacheka na machozi hayajakauka. Alipofariki shangazi yetu alimwiga hata paka wake akamfuata. Kipaji hicho alikirithi kwa babake. Lakini Mwero hajapata kumwiga mtu aliye hai, wala babake, kwa tulivyojua sisi wakati ule. Kumwiga mtani wako angali hai ni kumzika, kila mtu wa huku anajua hivyo.

Siku ya kwanza ya Mwero kufanya mazoezi ilikuwa alasiri, uwanjani pa skuli, na wanawake wengi walikuja kutazama. Mwalimu alimpa maneno yake kwenye karatasi, lakini Mwero akasema hayahitaji, kwa sababu mnyapara wa kariakoo anaye tangu utotoni. Marehemu babake alikuwa akimwiga mnyapara wao jioni wakati wa kufua nazi, ili watoto wasichoke, na Mwero alimshika vizuri. Basi akashika fimbo akaingia. Aliinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Akakohoa mara mbili. Akawa anaigonga fimbo polepole kwenye muundi wa mguu wake mwenyewe. Kisha akamwendea Fondo aliyelala chini na gunia lake la mchanga, akasema kwa sauti ya taratibu, bila ukali hata kidogo: "Mzigo, inuka."

Kaka, unakumbuka tulivyokuwa tukiamshwa kwa sala ya alfajiri. Unaikumbuka ile fimbo mlangoni, na kile kikohozi, na neno lile lile ambalo sisi tulidhani ni mapenzi. Sindano ilinitoka mkononi. Nilitaka kuamini kwamba nimesikia vibaya, lakini nilipotazama, wanawake wote walikuwa wameacha kucheka.

Bibi Mbodze, jirani yetu wa kisimani, ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwero, mbona unamfanya Waziri? Kwani amekufa?"

Mwero akapauka. Akaapa kwa kaburi la babake kwamba hakumfanya Waziri, amemfanya mnyapara wa babake, vile vile alivyofundishwa. Lakini nani alikuwa akimsikiliza? Wanawake walishaanza kujifunga leso na kuondoka, wengine wakisoma dua. Kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa unajua kwamba Mzee Waziri ameigizwa na mtani wake angali hai, na kwa hiyo hatauona mwaka mpya. Kesho yake tulianza kupokea watu barazani. Walikuja na sura za msiba, wakakaa, wakaulizia afya ya Baba kwa namna ya kumpa pole. Mmoja akaleta sukari na mchele, na mimi ulimi wangu huu nikamwambia arudi navyo, tutamwita tukifa. Habari iliyofika Tanga ilitokea hapo.

Sasa tazama upumbavu wetu. Mji mzima ulishughulika na hiyo nuksi. Waliuliza lini atakufa, na Mwero atalipa nini, na mchezo uachwe au usiachwe. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ilikuwaje mnyapara wa Mzee Randu akawa na kikohozi cha Mzee Waziri. Tuliogopa kifo kilichokuwa kinakuja, tukakipa mgongo kile kilichokwisha kupita. Na mimi niliyejiuliza nilinyamaza.

Wazee waliamua Mwero alete kuku kumtaka Baba radhi, kama ilivyo desturi. Alikuja naye, jogoo mwekundu, akapiga magoti barazani mbele ya mashahidi. Mimi nilikuwa mlangoni. Baba alimpapasa yule jogoo shingoni, halafu akamrudishia. Alisema mtani hakukosea, kwa hiyo hapokei fidia. Wale wazee wakatazamana. Wakaona mzee amekubali kufa, wakaondoka wakimsifu kwa subira yake. Mimi nilisikia jambo jingine katika maneno yale.

Nilimfuata Mwero shambani kwake. Nilimwambia sitaki kiapo, nataka alichoambiwa na babake. Alikataa, akazunguka, akasema marehemu asitajwe kwa mabaya. Nikamkumbusha kwamba nimeshamshonea nguo za kuigizia na sindano ninayo bado. Mwishowe akasema. Babake hakupata kumtaja mnyapara kwa jina. Alisema tu kwamba mahali fulani mbele ya Handeni kulikuwa na wagonjwa wawili na machela moja, na mnyapara alichagua nani abebwe. Aliyebebwa ni Randu. Ndiyo maana alikuwa akimwiga kwa kicheko, na ndiyo maana kila akimaliza kumwiga alikuwa anawaambia wanawe wamwombee. Mwero hakujua amwombee nani. Aliniambia hayo, kwa kuwa na yeye alikuwa ameshaelewa siku ile ile uwanjani. Kama machela ingembeba mwingine, Mwero asingezaliwa.

Nilimsihi abadilishe. Nilimwambia amfanye mnyapara mtu wa kupiga makelele, mwenye tumbo, wa kuchekesha, yeyote yule asiye Baba yetu. Akakubali. Nikarudi nyumbani nikampikia Baba samaki wa kupaka, nikamtazama akila, na nikajiambia kwamba wazee hufa na siri zao na hakuna mtu anayedhurika. Usinilaumu. Nilikuwa namlinda yeye, na nilikuwa namlinda Mama, na kusema kweli nilikuwa najilinda mwenyewe.

Ikafika Alhamisi ya Uhuru. Sina haja ya kukusimulia shangwe, nanyi mlipata yenu zamani. Bendera mpya ilikuwa imeshapanda, gwaride la skuli limekwisha, na baada ya laasiri watu wakakusanyika uwanjani kutazama mchezo. Mbele kulikuwa na viti vya wageni. Bwana D.O., ofisa wa tarafa, alikaa katikati na Baba akawekwa karibu naye, amevaa kanzu mpya na koti, mzee wa kariakoo, mtu wa mwisho. Mwalimu alimtambulisha na watu wakampigia makofi marefu. Mama alikuwa upande wa wanawake, karibu na mimi. Tangu asubuhi alikuwa akisema macho yatamwuma kwa kulia akifika pale pa kaburi la Garama.

Mchezo ulikwenda vizuri. Rispah alichekesha watu. Wapagazi wakapita na mizigo yao, na baadhi ya akina mama wakalia kwa sababu kila nyumba ina mtu wake aliyekwenda hivyo. Kisha yule kijana wa duka la Wahindi aliyemfanya Garama akaanguka, Fondo akamwinamia, na Mwero akaingia. Aliingia na tumbo la mto na makelele kama nilivyomwomba. Akapiga kelele kwamba mgonjwa aachwe. Watu wakacheka kidogo. Nikashusha pumzi.

Baba akainuka kitini. Alisema, "Sivyo."

Hakusema kwa nguvu, lakini alikuwa mbele na watu walisikia. Akaenda kwa kupapasa na bakora yake mpaka pale walipokuwa wachezaji, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu nani anamzuia mzee siku yake? Alinyoosha mkono na Mwero akampa fimbo ya mnyapara. Na hapo, kaka, akainamisha kichwa upande. Akakohoa mara mbili. Fimbo ikaanza kugonga muundi. Uso wake ulibadilika, ukawa wa kijana, na sikuwahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa ule. Akasema, "Mzigo, inuka," na wale vijana waliokuwa wamekaa chini na magunia yao waliinuka wote kwa pamoja, bila kuambiwa na Mwalimu.

Alimwendea yule aliyekuwa Garama. Akainama, akamvua blanketi, akalitupa begani kwa mpagazi mwingine, akasema huyu hatafika, blanketi litamfaa anayetembea. Akaashiria machela ipite upande wa pili, kwa mgonjwa ambaye hakuwamo kwenye mchezo. Kisha akawageuzia watu uso. Bwana D.O. alianza kupiga makofi, na wengi wakamfuata, wakidhani mzee ameamua kuwaonyesha vijana jinsi ya kuigiza. Baba alingoja makofi yaishe.

Alisema, "Garama hakufa mikononi mwangu. Nilimwacha yu hai, ananiita kwa jina. Sikuchimba kaburi. Mnyapara ni mimi."

Kuna mtoto aliyekuwa analia na mama yake akamziba mdomo. Mama aliinuka. Akajitanda buibui lake vizuri, kama mtu anayetoka harusini mapema, akapita katikati ya watu bila kumgusa yeyote. Nikamfuata mpaka nyumbani. Alifunga nguo zake katika leso moja. Nilimsihi asubiri, nikamwambia tutamwuliza Sheikh, na kweli Sheikh alikuja kabla ya isha akasema ndoa haina shaka, kwa kuwa habari ilipokelewa kwa nia njema na mgonjwa wa hali ile hangeweza kuishi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akasema, "Sheikh anajua vitabu. Mimi nilikaa eda ya mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa." Asubuhi akaenda Tiwi kwa nduguze na mpaka leo hajarudi. Sijui kwa Mungu mimi ni mtoto wa ndoa gani, kaka, na usiku napata usingizi kidogo sana.

Mji umetugeuka. Hawatutukani, afadhali wangetukana. Bibi Mbodze anachota maji nikiwa nimekwisha kuondoka. Msikitini watu wanampisha Baba nafasi kubwa mno kulia na kushoto. Na Jumapili waliteremka watu wa ukoo wa Garama kutoka Kinango, wazee wanne ambao hata majina yao sikuwa nimewahi kuyasikia. Walikaa uani kwetu na chai hawakuionja. Hawakufoka. Walisema kwao mtu asiyezikwa bado yuko safarini, na miaka yote hii walikuwa wakimhesabu miongoni mwa waliolala kwa sababu ya neno la Waziri. Wanataka waonyeshwe mahali. Wakasema la kumfanya Waziri si lao kuamua, kwa kuwa marehemu ana mwana, na wewe ndiwe mwana. Watakalosikia kutoka kwako ndilo watakalolifuata, hata likiwa gumu kiasi gani. Kijana wao mmoja alikuwa amekaa na panga magotini, akilifuta kwa jani muda wote waliokuwa wakizungumza.

Baba alisikia kila neno kutoka chumbani. Walipoondoka alikuja jikoni akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mahali pa wanawake, akaniambia nimwulize ninachotaka. Nilimwuliza kwa nini alimchagua Randu. Alisema jibu ambalo angewapa watu ni kwamba Randu alikuwa mtani wake, na mtu hawezi kumwacha mtani njiani. Nikamwambia nataka lile ambalo asingewapa watu.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ameniagiza nisipunguze. Alisema: "Garama alikuwa akinisimulia mkewe kila tukilala. Anavyocheka, anavyotembea, anavyoimba akitwanga. Nilipofika Msambweni nilimtambua kisimani kabla sijaonyeshwa. Siku ile ya machela nilikuwa nimeshampenda, na sikuwa nimemwona bado. Mwandikie Chirau. Hilo usimfiche."

Nimekaa na maneno hayo siku hizi zote na bado sijui niyaweke wapi. Namchukia. Halafu nasikia kikohozi chake uani nakwenda kumwekea maji ya kuoga. Nilifikiri nitakuandikia nikuombe usamehe, maana amekulea, na ile homa yako ya utotoni alikubeba mgongoni mpaka hospitali usiku kucha, Mama ameshatusimulia mara ngapi. Lakini kila nikifika hapo nakumbuka kwamba mgongo ule ndio uliomgeukia babako. Sikuombi kitu.

Hivi nilikuwa nimepanga kuiandika barua hii kwa utulivu baada ya mwaka mpya. Jana alfajiri niliamka nikakuta kitanda cha Baba kimetandikwa. Ameondoka na Mwero. Watu waliomwona wamesema wamepita Lunga Lunga kwa miguu, mzee mbele ameshikwa mkono, na wenye gari waliposimama kuwachukua alikataa. Mke wa Mwero ameniambia safari yenyewe. Wanakwenda Tanga kwako kwanza. Baba amesema atakupeleka mpaka pale mahali, akuonyeshe mti wenyewe kama bado upo, na kwamba huko mtakuwa wewe na yeye peke yenu na utafanya unaloliona haki. Mwero atarudia njiani. Kuhusu kurudi kwake mwenyewe hakusema kitu. Kanzu yake mpya ameiacha, amechukua sanda aliyonunua alipokwenda Mombasa mwaka juzi.

Barua hii nampa dereva wa lori la chumvi anayevuka mpaka kesho, naye ameniahidi ataifikisha mkononi mwako. Yeye ana magurudumu na Baba ana macho mabovu, kwa hiyo natumai itamtangulia. Lakini lori hizi unazijua. Kama amefika kabla yake, bila shaka umeshamwamkia na kumtengea maji ya miguu, na watoto wako wameshamwita babu. Kama ndivyo, basi unaisoma hii naye yuko chumba cha pili, na mimi niliyekuwa na ulimi kwa kila mtu sina neno la kukupa.

Nisalimie wifi sana, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Bibi Mbodze hakuniagiza salamu. Mama anakusalimu kutoka Tiwi, na ameniagiza nikwambie kwamba ulilala ukinyonya siku ile walipomchukua Garama, hukulia.

Mwenyezi Mungu akuongoze katika hilo lililo mbele yako. Baba zetu ni wawili, na mmoja alimwacha mwenziwe njiani. Mama ni mmoja, na kwa ajili hiyo tu bado nathubutu kujiita,

nduguyo wa tumbo moja,

Biasha binti Waziri